Mrejesho: yule mtoto wa jirani, nimeripoti

Jamani nilisema nitarudi. Kwa ambao hawakuona, niliuliza nikiripoti mtoto wa jirani anayepigwa na kushindishwa njaa, wazazi wake watajua ni mimi? Basi nimeripoti.

Dada wa ustawi wa jamii aliyepokea simu aliniuliza jina, nikanyamaza, akanielewesha naweza nisitaje kabisa, ila nikitaja linabaki kwenye faili lao na familia haiambiwi, na inawasaidia wakitaka kunipigia tena maana ripoti isiyo na mtu wa kumuuliza mara nyingi inaishia njiani. Nikataja. Hakunificha pia kwamba kesi ikifika mahakamani hakimu anaweza kuagiza jina litolewe, nilishukuru kuambiwa mapema. Ushahidi sio kazi yangu, niseme tu nilichoona na kusikia, siku gani, alama mwilini, wao ndo wanachunguza.

Kitu ambacho sikukiwaza kabisa: jina linaweza kufichwa vizuri halafu maelezo yakakuchoma. Nilisema nasikia kilio usiku kupitia ukuta wa chumbani, na ukuta huo ni wangu na wao tu! Nikamwambia, akaahidi hawatakitaja hicho watakapoenda. Na mtaani sijamwambia mtu, hata shoga angu.

Walikuja juzi. Mtoto yuko kwa bibi yake kwa sasa, faili bado halijafungwa. Mama yake ananisalimia kama kawaida, moyo unanidunda kila mara, ila usiku ukutani kumetulia.