Raketi ya kwanza ya tenisi kwa mtu mzima: nimekwama kati ya hizi tatu (niko Dodoma)

Mhamiaji_Mtumba
Wakuu, habari za majukumu. Nina miaka 39, nilihamia Dodoma na ofisi, na tangu mwezi wa tano nacheza tenisi na wenzangu wawili alfajiri kabla ya kazi. Raketi ya kuazima. Wiki iliyopita mwenyewe aliniangalia jicho fulani nilipoirudisha, nikaelewa. Bajeti ni laki mbili na nusu, nikijibana sana laki tatu. Nimeona hizi:

1. Alumini mpya, duka la hapa mjini, imeshafungwa nyuzi. Kichwa inchi za mraba 110. Elfu 65.
2. Grafaiti iliyotumika, Babolat Pure Drive, kichwa 100, gramu 300 bila nyuzi. Jamaa anauza 180,000. Ina mikwaruzo kichwani.
3. Grafaiti mpya, kichwa 105, gramu 260 bila nyuzi. Iko Dar, ukijumlisha na nauli ya basi inafika 290,000.

Zote urefu inchi 27. Mniongoze, ila mjue mara ya mwisho nilipovaa raba kwa ajili ya mashindano ilikuwa UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, na hata huko nilikuwa mbeba maji.

Zabibu_Kavu
Chukua ya elfu 65, mkuu. Nimewaona wengi: wanaanza kiangazi, mvua ya Desemba ikipiga wiki mbili raketi inahamia nyuma ya mlango. Ukifika mwezi wa tatu bado unacheza, rudi hapa tuongee habari za grafaiti.

Mama_K_Kisasa
Zabibu, ushauri wako ndio niliofuata mimi. Nilianza na alumini ya namna hiyo nikiwa na miaka 41. Kila mpira ukigonga nje ya katikati, mtetemo unapanda hadi begani. Miezi miwili kiwiko kikaanza, upande wa nje. Najua mnafikiri natia chumvi, ila nilifika mahali kusonga ugali nilikuwa nabadilisha mkono, na chupa ya chai siinyanyui kwa mkono wa kulia.

Nisiwe muongo lakini: mwalimu aliniambia kosa la raketi ni nusu. Nusu nyingine nilikuwa nauchelewa mpira halafu naukamata mpini kama mchi. Kwa hiyo simwambii mtu alumini ni sumu. Nasema umri wetu huu kiwiko hakisamehi upesi.

Jinsi ya kuitambua dukani, maana muuzaji anaweza kukuambia yote ni grafaiti: angalia ile pembetatu chini ya kichwa. Ya alumini mara nyingi ina kipande cha plastiki kimepachikwa kuziba pale. Ya grafaiti fremu inazunguka kitu kimoja, huoni kiungo.

Sevu_Ndefu
Mimi nilikosea kinyume chake. Nilimpenda Federer, nikatafuta raketi ya aina aliyokuwa akitumia, kichwa 97, gramu 340 bila nyuzi. Gemu mbili za kwanza najiona bingwa. Ya tatu mkono hauji. Niliiuza kwa hasara.

Kuhusu namba 3, kitu kimoja wakuu wanasahau: Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi kuliko Dar, mpira unasafiri zaidi. Kichwa 105 kinasukuma, na nyuzi zikiwa legevu utakuwa unaomba mipira kwa jirani kila asubuhi. Ukiichukua, waambie wavute hadi paundi 56.

Fundi_Nyuzi
Paundi 56 kwa mtu anayeanza, mwenye miaka 39? Hapana, Sevu. Utamrudisha kwenye kiwiko cha Mama K. Mpira ukitoka nje, dawa ni kujifunza kuupiga kutoka chini kwenda juu ili uzunguke na kushuka. Afunge 52, tena nyuzi laini za sintetiki.

Sasa Mhamiaji, mbona hakuna aliyekuuliza hiyo ya mtumba ina nyuzi gani? Unalinganisha fremu tatu, na kinachogusa mpira ni nyuzi. Ikiwa ni poliesta, na wanaocheza kwa nguvu hupenda hiyo, basi imeshakufa hata kama haijakatika. Poliesta inapoteza mkazo wake hata raketi ikiwa imening'inia tu ukutani. Ni ngumu, na ikifa inakuwa ngumu bila faida. Sukuma uzi mmoja wa wima kwa kidole pembeni, uachie. Ukibaki ulikopelekwa, na ukaona vishimo pale nyuzi zinapokatizana, hesabu kwamba unanunua fremu peke yake.

Mimi za kwangu nazituma Dar kwa basi, nyuzi na ufundi ilinitoka elfu 55 mara ya mwisho. Kwa hiyo namba 2 si 180,000, ni 235,000. Na utarudia: kanuni ya zamani ni kwamba mara unazocheza kwa wiki ndizo mara za kufunga nyuzi kwa mwaka. Alfajiri tatu kwa wiki, mara tatu kwa mwaka. Anayeanza anaweza kujibana na mara mbili.

Fremu yenyewe ikague hivi. Mikwaruzo ya rangi si kitu, kila raketi inagusa sakafu. Unachotafuta ni ufa. Pitisha ukucha kuzunguka kichwa, hasa mabegani juu, pale ambapo kwenye uso wa saa pangekuwa namba 10 na namba 2. Kisha igonge taratibu na kiganja, sikiliza kama kuna kitu kinachezacheza au sauti ya kupasuka. Halafu ipime, mizani ya dukani inatosha. Pure Drive ikiwa na nyuzi huzunguka gramu 318, kumi juu au chini si neno. Ukiona 280, huyo si yeye.

Na tafadhali, usiiache kwenye gari. Umeegesha ofisini kule Mtumba saa nne asubuhi, unatoka saa kumi, humo ndani ni tanuri. Nyuzi zinalegea.

Sevu_Ndefu
Sawa fundi, 54 tukutane njiani 😀

Mgeni_wa_Nzuguni
Mipira je? Nilisikia kuna maalumu ya miinuko.

Fundi_Nyuzi
Ipo, lakini shirikisho la kimataifa linaihesabu kuanzia mita 1,219. Sisi tuko chini kidogo. Nunua ya kawaida, ila ukifungua kopo, pumzi inaanza kutoka siku hiyohiyo. Wengi wanalaumu raketi kumbe wanapiga mipira ya mwezi jana.

Mama_K_Kisasa
Unene wa mpini jamani, kabla hajalipa! Shika raketi kama unasalimiana nayo. Kati ya ncha za vidole na kiganja, kidole cha shahada cha mkono mwingine kiingie bila kusukumana. Kisipopita, mpini mwembamba. Kikiogelea, mnene. Chini kwenye kitako pameandikwa namba: 2 ni inchi 4 na robo, 3 ni 4 na tatu kwa nane. Ukiwa katikati chukua mwembamba, tepu ya juu itaongeza. Mnene kuupunguza kwenye grafaiti ni kazi.

Mhamiaji_Mtumba
Nimerudi. Jana jioni nilimfuata jamaa wa Pure Drive na mizani ya mke wangu ya keki ndani ya mkoba. Alicheka, ila akakubali. Gramu 320. Ukucha umezunguka haujakwama popote. Nyuzi ni poliesta nyeusi, niliusukuma uzi mmoja ukakaa hukohuko kama fundi alivyosema, na jamaa mwenyewe hakumbuki zilifungwa lini.

Nikawa tayari kutoa 150,000. Ndipo nikageuza kitako: 4. Kidole changu kikapita, cha pili nacho karibu kipite. Nilipiga bekihendi kadhaa hewani, raketi inajigeuza mkononi, nikawa nabana hadi misuli ya mkono inauma kabla hata ya kuona mpira. Mama K, mchi ndio huohuo.

Duka la hapa mjini nilipita pia. Kipande cha plastiki kipo, palepale.

Nimeagiza namba 3, mpini namba 2. Nimemwambia muuzaji asifunge nyuzi anazotaka yeye, afunge za sintetiki, paundi 53. (Sevu na fundi, gawaneni.) Inapanda basi Ijumaa. Nimevuka bajeti lakini sijavuka sana, nyumbani nimesema laki mbili.

Mama_K_Kisasa
Hapo kwenye laki mbili hatukuoni.

Zabibu_Kavu
Mkuu, hiyo Pure Drive ya mpini namba 4 bado ipo? Nina mikono mikubwa. Nitumie namba ya jamaa inboksi.