Tupeane uzoefu: neno dogo pembeni ya "can", "may" au "should" lililowahi kukuponza

Karani wa Zamu
Wakuu, habari za jioni. Leo nimefungua barua pepe nikakuta "might as well", moyo ukanilipuka, maana maneno hayo yaliniharibia urafiki. Mwenzangu kazini alikuwa amechoshwa na bosi, akaniomba ushauri kwa maandishi. Nikamtajia njia: aombe uhamisho, aombe likizo, kisha nikamalizia "You might as well resign." Mimi nilikuwa nasema "pia unaweza kujiuzulu", kwa sababu "as well" nilifundishwa ni "pia". Yeye akasoma "kwa hali hii, bora tu uache kazi". Miezi mitatu hakunisalimia. Nilikuja kushtuka siku tumekaa kituoni, basi halionekani, mtu akamwambia mkewe "we might as well walk". Hapo hamna "pia" yoyote. Ni "hatuna cha kungojea, twende kwa miguu". Haya, tupeane uzoefu. Kielezi gani kilikaa na kitenzi kisaidizi kikakugeuka?

Mzee wa Nukta
Hiyo "as well" imenipitia na mimi. Sina la kuongeza.

Mpiga Chapa
Mimi ni "never". Sisi tukisema "kamwe" lazima kitenzi kikanushwe: sitasahau kamwe, hawezi kamwe. Basi nikamwandikia mtu aliyenisaidia sana "I will not never forget you". Kwa Kiingereza "never" imeshabeba ukanushi wote, "I will never forget" inatosha. "Hardly" nayo vivyo hivyo. Miaka nilikuwa napiga simu nasema "I can't hardly hear you", kumbe "I can hardly hear you" yenyewe ndiyo "nakusikia kwa shida".

Fundi Sentensi
Kanuni ni moja, ndugu zangu: kielezi kikae mara baada ya kitenzi kisaidizi. "I will probably come." "You should always ask." Ukishika hiyo hukosei.

Dada wa Kamusi
Mkuu, utawapoteza watu. Kanusha hiyo sentensi yako ya kwanza uone. Wenyewe husema "I probably won't come". Ukisema "I won't probably come" watakuelewa, lakini watajua umejifunzia darasani.

Fundi Sentensi
Nimetoa kanuni ya kawaida, sikusema ni msahafu.

Dada wa Kamusi
Ulisema "hukosei". Na mimi nimekosea kwa kanuni hiyohiyo. Nililetewa mkataba nisioutaka, nikajibu "I can't really sign this", kielezi baada ya kisaidizi kama ulivyoagiza. Walinishawishi wiki nzima. Nilitaka kusema "I really can't sign this", siwezi kabisa. Nilichoandika kilisikika kama "aah, sioni kama naweza kusaini", mlango umerudishwa tu, haujafungwa. Maneno ni yaleyale, nafasi tu ndiyo imehama.

Mtoto wa Mwisho
Nimesoma hapa nikaona niandike, ingawa sijawahi kumwandikia mtu yeyote jambo hili.

Mama alikuwa amelazwa, mimi naishi mwendo wa saa mbili kwa treni. Wauguzi walizungumza Kiingereza na mimi Kiingereza nilikuwa nakijua vizuri, nina vyeti. Usiku mmoja, saa nne kasoro, simu ikaita. Muuguzi, sauti ya upole kabisa, akaniambia hali ya mama imebadilika, kisha akasema: "You should probably come in now."

Nikaisikia "probably". Kichwani ikaingia kama "labda". Labda uje. Pengine uje. Nikamuuliza kama kuna hatari, akasema daktari yupo naye. Nikatazama saa, nikahesabu kuwa treni ya mwisho inaondoka baada ya dakika arobaini, nikajiambia kwamba mtu mwenye dharura hasemi labda. Nikapanga nguo za mama kwenye mfuko, na kitabu chake cha dua, nikatega kengele ya saa kumi na moja alfajiri. Nikalala. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba nililala usingizi.

Saa tisa walipiga tena. Mara hii hapakuwa na kielezi chochote kwenye sentensi.

Baadaye nilimsimulia jirani yangu aliyezaliwa na Kiingereza maneno ya ile simu ya kwanza, nikamuuliza yeye angeyaelewaje. Alinyamaza kidogo akasema angetoka na viatu mkononi.

Mzee wa Nukta
Pole sana mwanangu. Mungu amlaze pema.

Mpiga Chapa
Pole dada. Nimeshindwa kuendelea na kazi.

Simba Mkavu
Pole, lakini mwenye kosa ni muuguzi. Mtu anakufa, sema "come now". Adabu ya nini?

Mama wa Wodi
Nimezipiga simu hizo miaka mingi, kwa Kiingereza. Kakangu, unayempigia hujui yuko wapi, pengine anaendesha gari, pengine yuko na watoto. Hujui pia kama mgonjwa atavuka usiku. "Probably" inalainisha amri, haipunguzi haraka. Ila tangu leo nitauliza "unaweza kufika kwa saa ngapi?" kabla sijakata simu. Mwanangu, hukumtelekeza mama. Ulisikia ulichofundishwa kusikia.

Simba Mkavu
Bado nasema angenyoosha maneno.

Dada wa Kamusi
Simba, mwache mwenzio apumue.

Kwa wanaouliza faragha: "probably" haina uzito mmoja. Ikikaa na "will" inapima uwezekano kweli. "It will probably rain", mvua ina nafasi kubwa, na hata hapo ni nzito kuliko "labda" yetu. Ikikaa na "should" kwenye "you should", kinachopimwa ni sauti ya msemaji: anakwambia cha kufanya bila kukuamrisha. Daktari akikwambia "you should probably get that looked at", nenda.

"Certainly" nayo hugeuka. "He must certainly know", uhakika juu ya uhakika. Lakini ukiomba ruhusa ukajibiwa "you certainly may", hapo hakuna kukisia kitu, umeruhusiwa kwa moyo mmoja.

Karani wa Zamu
Ushauri wangu basi: tufute vielezi vyote tubaki na kitenzi.

Fundi Sentensi
Usithubutu. Toa "possibly" kwenye "could you possibly wait" uone utakavyosikika kwa mtu mzima uliyemkuta kwenye foleni. Na "I couldn't possibly" bila "possibly" inaweza kusikika kama unasema tu uwezo huna, siyo kukataa kwa heshima.

Dada wa Kamusi
Hapo nakubaliana na Fundi.

Mpiga Chapa
Mimi nimeamua kujibu kila "should probably" kwa swali moja: leo au kesho?

Mtoto wa Mwisho
Ahsanteni. Mama wa Wodi, nimesoma maneno yako mara tatu.

Mgeni Njiani
Samahani kwa kuingia mwishoni. Mwenye nyumba kaniandikia "I may well sell next year". Hiyo "well" ni "vizuri"? Nimeshindwa kulala.

Dada wa Kamusi
Siyo "vizuri". "I may sell" ingekuwa huenda nikauza. Alipoongeza "well" ameisogeza karibu zaidi na "nitauza". Anza kutafuta nyumba, ndugu yangu.