Mdogo wangu hubadilika na kujiita jina jingine

Mkaazi wa Ngamiani, Tanga
Assalaam aleikum. Mdogo wangu wa kike, mwenye miaka 24, huwa anakuna nazi, kisha ghafla macho yanamganda, sauti inakuwa ya kitoto, na hujiita jina tusilolijua. Baadaye hakumbuki lolote. Wazee wanataka apungwe pepo. Je, haya ni maradhi?

Muuguzi mstaafu
Waalaikum salaam, ndugu yangu. Yawezekana. Mwaka 1994 madaktari wa akili wa Marekani waliacha kuiita hali hii nafsi nyingi, wakaiita mtengano wa utambulisho, kwa kuwa si watu wengi ndani ya mwili mmoja, bali ni nafsi moja ambayo haikuungana, mara nyingi kutokana na mateso makali ya utotoni. Pepo anayepanda ngomani kwa mila na kushuka bila kumdhuru mtu hahesabiwi ugonjwa. Huyu wenu anamjia jikoni, bila hiari. Kwanza achunguzwe kifafa. Hakuna dawa mahususi: vidonge hutuliza huzuni na hofu zinazoambatana nayo, ila tiba yenyewe ni mazungumzo na mtaalamu, pengine kwa miaka, yakianza na usalama wake kabla ya kugusa yaliyopita.

Binti wa Pangani
Nawaomba sana, msimlazimishe kusimulia. Sauti hiyo ikija, mwambieni taratibu yuko wapi na leo ni siku gani, mkimshikisha kikombe cha maji baridi.

Mkaazi wa Ngamiani, Tanga
Ahsanteni. Jumatatu nitampeleka hospitali ya Bombo, na mama ameridhia kufuatana nasi.