Ushauri: Nikasomee kazi ya mochwari Marekani? Mama hataki

Kijana wa Gungu:
Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Nipo Kigoma, nimemaliza kidato cha sita PCB (fizikia, kemia na biolojia), sasa najitolea mochwari. Mama mdogo anaishi Chicago na yuko tayari kunilipia nikasome huko ile shahada ya miaka miwili ya huduma za mazishi na mochwari.

Naitaka kwa moyo wote. Aliletwa mvuvi aliyekaa ziwani siku kadhaa, uso hautazamiki. Tukawakabidhi ndugu jeneza limeshapigwa misumari. Mkewe aliomba amuone tu, hata mkono. Hakuna aliyejua la kufanya.

Mama hataki kusikia. Anasema hakuna mzazi atakayenipa binti yake. Je, cheti hicho kitanisaidia nikirudi? Na mama nimwambieje?

Dada wa Ughaibuni:
Mdogo wangu, mimi nafanya kazi hii huku. Kwanza hakikisha chuo kimeidhinishwa na ABFSE, bodi ya Marekani inayosimamia elimu ya mazishi. Bila hivyo majimbo mengi hayakupi leseni. Ukimaliza kuna mtihani wa taifa wenye sehemu mbili, sanaa na sayansi, halafu unafanya kazi chini ya mwenye leseni, mara nyingi mwaka mzima. Kila jimbo lina masharti yake.

Usidhani ni maiti tu. Utasoma anatomia, vijidudu, kemia, sheria, uhasibu na namna ya kukaa na wafiwa. Kuna somo zima la kurudisha sura: nta, vipodozi, kushona majeraha yasionekane. Ila nikwambie ukweli, aliyekaa sana majini hata fundi mzuri anaweza kumshindwa. Hapo unamfunika uso, unautoa mkono uliosafishwa, mke anaushika.

Jambo jingine ni fomalini, ile dawa ya kuzuia maiti asioze. Tangu 2004 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wameitaja kuwa inasababisha saratani kwa binadamu. Huko mnapojitolea mna barakoa za kemikali? Madirisha je?

Abu Ujiji:
Asalaam aleikum. Ndugu, usitegemee sana kazi ya kuchoma maiti dawa. Huku kwetu Ujiji maiti anaoshwa, anakafiniwa, na mara nyingi anazikwa siku hiyohiyo. Wateja wa dawa ni wanaosafirishwa. Kutoka Dar mpaka Kigoma ni zaidi ya kilomita 1,200, na joto la njiani unalijua. Cheti nacho ulizia NACTVET, baraza la elimu ya ufundi hapa Tanzania, mapema kitatambulika kwa kiwango gani, usisubiri urudi nacho mkononi.

Mzee wa Bangwe:
Marahaba mwanangu. Nimehudumu mochwari mpaka nikastaafu, nina mke, watoto na wajukuu. Usibishane na mama yako. Hofu yake ni upweke wako, hizo habari za leseni hazitamgusa. Anataka kumuona mtu aliyeifanya kazi hii na watu wakaendelea kula nyumbani kwake.

Kijana wa Gungu:
Asanteni sana. Dada, barakoa tunazo zile za kitambaa tu, na dirisha ni moja, juu. Leo namwandikia mama mdogo aulize habari za ABFSE na ada ya mwanafunzi wa kigeni. Mzee, naweza kuja na mama Jumapili?

Mzee wa Bangwe:
Njooni mchana, mle hapa. Mke wangu ndiye atakayeongea naye.