Skrinshoti za WhatsApp zinatosha kumfunga mtu?

Bro_wa_Moro
Habari wakuu, naombeni mawazo kwa wanaojua mambo ya mahakama. Mdogo wangu yuko mahabusu mwezi wa pili sasa, kosa kujipatia pesa kwa udanganyifu. Kuna mama alitumiwa zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii", akatuma laki nane, namba ikaonekana imesajiliwa kwa jina la dogo. Dogo ni fundi pikipiki hapa Morogoro, anaapa hiyo namba haijui kabisa. Ushahidi niliouona kwa macho yangu ni karatasi tatu, skrinshoti za WhatsApp zimeprintiwa, juu zimekatwa hata tarehe haionekani.

Kilichoniuma zaidi ni siku ya kutajwa. Mama katoka Ifakara na gari la alfajiri akijua anaenda kumwona mwanawe, tunafika tunaambiwa wa gerezani wanaonekana kwa video, basi kuna tivii ukutani, dogo katokea kadogo kama picha ya paspoti, sauti inakata, hakimu anauliza unanisikia yeye anaonyesha sikio. Mama kanyanyuka kaenda mpaka chini ya tivii kamuuliza "umekula?" karani akamrudisha kwenye benchi. Dakika nne tu, upelelezi haujakamilika, njooni baada ya siku 14. Sasa wakuu, kwa karatasi zile tatu mtu anafungwa kweli?

wakili_wa_kijiweni
Pole sana mkuu. Kabla ya yote, hilo kosa lina dhamana, tafuteni wadhamini wenye barua za serikali ya mtaa dogo atoke, haya mengine abishane akiwa nje.

Kuhusu karatasi, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 kifungu cha 18 inasema ushahidi haukataliwi kisa tu ni wa kielektroniki. Watu wengi wanaishia hapo wanaogopa. Endelea kusoma, kuna maswali hakimu lazima ajiulize: hiyo meseji ilitengenezwa na kutunzwaje, kuna uhakika gani haijachezewa, na aliyeituma ametambulikaje. Sasa skrinshoti iliyokatwa juu inajibu lipi kati ya hayo? Siku watakapotaka kuitoa kama kielelezo ndio pa kusimama na pingamizi: nani alipiga hiyo skrinshoti, kwa simu gani, simu yenyewe iko wapi, ilichukuliwa lini na nani alisaini hati ya kukamata mali, ikakaa kwa nani mpaka leo. Ni maswali yaleyale ya panga na gunia la bangi, kilichobadilika ni kielelezo tu.

Halafu simu ya dogo kama iko polisi msimruhusu mtu yeyote aingie akaunti yake afute chochote hata kama ni cha aibu, mtajiongezea kesi nyingine.

MzeeKiduku
Skrinshoti hata mimi naweza kukutengenezea sasa hivi unaomba mkopo kwa Rais 😂 ila mkuu usijipe moyo sana, tatizo la dogo sio karatasi, tatizo ni laini ina jina lake

msajili_mstaafu
Hapo kwenye laini ndio penyewe. Mie nimekaa na mwamvuli stendi nasajili laini tangu usajili wa alama za vidole ulipoanza Mei 2019, ile Januari 2020 ya kufungiwa laini foleni ilikuwa haijapata kutokea. Nawaambia nilichoona mwamvuli wa pili yake: mteja anaweka kidole, jamaa anakunja uso, "mashine haijasoma, weka tena", mteja anaweka tena anaondoka na laini moja. Kile kidole cha pili kimesajili laini nyingine, jioni inauzwa kwa wahuni. Mwenye jina hajui mpaka siku anayofuatwa na polisi.

Sasa Bro, hela haikai kwenye namba, inatoka. Wakili aombe taarifa kamili ya miamala ya hiyo namba, itaonyesha laki nane imetolewa saa ngapi na kwa wakala gani. Wakala ana daftari, jina na saini ya aliyetoa vipo mle. Kama imetolewa Sumbawanga saa nne asubuhi na dogo saa nne hiyo alikuwa gereji anafungua injini ya mtu, mwenye pikipiki ndio shahidi wenu. Na minara ya simu itaonyesha hiyo laini ilikuwa wapi.

Pwani254
Pole ndugu yangu. Huku kwetu Kenya Sheria ya Ushahidi kifungu cha 106B inataka hiyo karatasi ije na cheti, mwenye dhamana na kile kifaa aeleze imetolewaje na atie sahihi. Mawakili wengi wa utetezi hukamatia papo hapo. Hiyo video nayo huku ilishika kasi 2020 na korona, ugonjwa ukaenda yenyewe ikabaki. Kwa kutajwa tu sioni ubaya, mahabusu haamshwi usiku kupakiwa lori. Lakini ushahidi wataka uso kwa uso, shahidi akidanganya umuone.

MzeeKiduku
Lissu wa Chadema Aprili 2025 si aligoma kutokea kwenye video akataka aletwe mahakamani Kisutu, mwezi wa tano akaletwa. Ila yule ni Lissu, fundi pikipiki akigoma nani atamsikia

Mbeba_Box_UK
Na msikubali lile neno "mfumo umeonyesha". Huku Uingereza wakuu wa posta ndogondogo zaidi ya 900 walitiwa hatiani kati ya 1999 na 2015, wengi kwa sababu programu ya hesabu inaitwa Horizon ilionyesha hela pungufu. Wengine walifungwa. Kumbe mbovu ilikuwa programu, bunge likaja kutunga sheria 2024 kufuta zile hukumu kwa mkupuo. Sheria ya huku ilikuwa inachukulia kompyuta iko sawa mpaka wewe uthibitishe ni mbovu, sasa karani wa posta kijijini athibitishe na nini.

Bro_wa_Moro
Wakuu nashukuru sana, wadhamini wawili wamepatikana, Jumatatu tunapeleka barua. Ya miamala nimemwandikia wakili hivihivi alivyosema msajili, kasema hata yeye alikuwa anapigania karatasi tu.

Swali la mwisho, kuna njia ya kujua laini zilizosajiliwa kwa jina la mtu?

msajili_mstaafu
*106#, inaleta namba zote zilizo chini ya kitambulisho chako cha taifa, yaani NIDA. Dogo hawezi maana simu iko polisi, ila wewe jaribu uone inavyofanya kazi.

Bro_wa_Moro
Nimepiga. Zimekuja nne. Mimi natumia mbili.