Lebo za asali kutoka programu ya Java zina ukungu. Ninunue printa ipi?

Msimbo_Tbr: Wakuu, naombeni ushauri, nimekwama. Nimemtengenezea mfungashaji wa asali hapa Ipuli, Tabora, programu ya Swing (zana za Java za kutengeneza madirisha) ya kuchapa lebo. Kwenye skrini ziko safi, kwenye karatasi zina ukungu na skana haisomi bakodi. Printa ni ya nukta 600 kwa inchi. Nafikiria ya 1200. Ipi inafaa?

Kijiko: Achana na Swing, toa PDF.

Mpimaji: Printa hiyohiyo ukichapa barua ya kawaida, inatoka safi?

Msimbo_Tbr: Safi kabisa.

Mpimaji: Basi printa haina kosa. Ndani ya print(), sehemu inayochora ukurasa wa kuchapa, umeandika nini?

Msimbo_Tbr: Naichora paneli ya lebo kwenye BufferedImage (picha ya pikseli), halafu naipanua kwa drawImage hadi upana wa milimita 60. Paneli ina pikseli 300. Mteja anataka kilekile anachokiona kwenye skrini, ndiyo maana nikapitia picha. Na printa mpya nimeshalipia nusu.

Mpimaji: Picha ndiyo inayokuumiza. Milimita 60 ni inchi 2.36, kwa hiyo pikseli 300 zinakupa nukta 127 tu kwa inchi. Mstari mwembamba wa EAN-13, bakodi ya bidhaa ya tarakimu 13, ni milimita 0.33, sawa na pikseli 1.65. Mmoja unapewa pikseli 1, jirani yake 2, na skana inasoma kwa kulinganisha upana huo. Printa ya 1200 itachapa kosa lilelile.

Ondoa picha. Sogeza mwanzo wa mchoro (translate) kwa getImageableX() na getImageableY(), pale eneo la kuchapa linapoanzia. Kipimo cha uchapaji ni 1/72 ya inchi, milimita 60 ni vipimo 170, gawa kwa pikseli 300, basi scale(0.567, 0.567), kisha paneli.printAll(g2). Usiite paint(): hupitia bafa ya skrini, ukungu unarudi. Bakodi ichore nje ya scale hiyo, kwa Rectangle2D.Double, mstari mwembamba 0.96. Hizo ni nukta 8 kamili za printa yako. Acha nafasi nyeupe yenye upana wa mistari myembamba 11 kushoto na 7 kulia.

Jicho_Kali: Huu uzi umetungwa. Nani analipia printa kabla ya kuuliza? Hili ni zoezi la chuo.

Msimbo_Tbr: Lebo ninayo mkononi, mkuu. Chini ya lenzi, A ya ASALI ilikuwa na ngazi pembeni. Kwa printAll imenyooka. Ila namba za bechi zinaruka: 1, 3, 5.

Jicho_Kali: Basi nisamehe, hilo huwezi kuliona bila kuchapa kweli. Unaongeza namba ndani ya print(). Java huweza kuiita zaidi ya mara moja kwa ukurasa uleule. Tumia mwanzo + pageIndex (namba ya ukurasa).

Msimbo_Tbr: Zimekaa sawa, na skana imesoma. Nembo bado ina ngazi.

Mpimaji: Ina pikseli ngapi?

Msimbo_Tbr: 120, kwa sentimita 2.

Mpimaji: Zinatakiwa 472. Mwombe mteja faili la asili, usiikuze hiyo. Na hela ya printa kaidai leo.