Nikisema taratibu sisikiki, nikipasua sahani napikiwa uji. Nifanyeje?

BintiWete: Asalaam aleikum. Nna miaka 27, nimepewa talaka miezi sita sasa, niko kwa mama hapa Wete na mwanangu. Kila nikimwambia usiku silali, jibu ni moja: "Wangapi wameachwa? Wacha deko." Wiki iliyopita nikapasua sahani, nikalia mpaka jirani akaja. Usiku ule mama akanipikia uji wa pilipili manga, akanikanda na mgongo. Nilifurahi, na ndo linalonitia khofu. Jana nimejikuta naitazama sahani nyengine.

Kibarazani: Subira dada'ngu. Wazee wetu nao waliambiwa hivyohivyo na hawakufa.

BintiWete: Ndo maneno ya mama hayo, kaka.

NesiMstaafu: Mwanangu, huna wazimu, umefunzwa na uji. Marsha Linehan, mwanasaikolojia wa Marekani, aliliandika hili mwaka 1993: mtu akiambiwa kila siku kuwa anachohisi si kitu, mwisho hayaamini maumivu yake mwenyewe, na hujifunza kuwa yatasikika akiyapaza tu. Kabla yake Skinner, naye mwanasaikolojia wa Marekani, alimtia panya kisandukuni, panya akibonyeza kijiti chakula kinaanguka. Kikianguka mara mojamoja tu, panya ndo anakuwa king'ang'anizi zaidi. Uji wako ni wa mara mojamoja.

Basi geuza malipo. Kabla hujasema, mwambie mama unataka sikio, si jawabu. Wengi hudhani wanaombwa dawa. Akikusikiliza japo dakika moja bila kukukata, mshukuru palepale, na umtajie alichofanya. Ukiacha kupasua, siku za mwanzo hamu itapanda kuliko kawaida. Panya naye akikatiwa chakula hubonyeza kwa fujo kwanza. Usingizi usiporudi nenda hospitali, hilo si deko.

MzeeWaChake: Kwa hiyo mama wa watu ndo panya?

NesiMstaafu: Panya ni binti, yakhe. Ila mama naye analipwa: akileta uji, kelele zinakatika. Kwa hiyo kesho ataleta tena, na taratibu ya mwanawe hataisikia.

MzeeWaChake: Haya. Mie mke wangu miaka thelathini namletea ndizi akishanuna. Kumbe!

BintiWete: Narudi na habari, siku kumi zimepita. Mara mbili sauti ilinipanda, nikatoka nje nikazunguka nyumba. Mama hakunifuata, na roho iliniuma kweli. Jana usiku tunachambua karafuu ukumbini, nikamwambia, "Mama, leo nimemuona baba wa mtoto sokoni, moyo ukanishituka. Sitaki ushauri, nakwambia tu." Kimya. Akaendelea kutenga makonyo. Baadaye kidogo akauliza, "Alikuwa peke yake?" Nikamjibu, kisha nikasema ahsante mama kwa kuniuliza.

Akanitazama kama nimeugua. "Ahsante ya nini? Chambua, zisije zikavunda hizi."

Lakini alikuwa ashasogeza jamvi lake karibu na langu.